Mshauri nasaha: ametoka wapi, na anafanyaje kazi yake?



Mara nyingi katika ukurasa huu tumewahimiza wenye huzuni isiyokwisha, wenye hofu na wenye kukosa usingizi wamwone mshauri nasaha. Na mara nyingi jibu tunalolipata nje ya kanisa baada ya Misa ni swali: "Huyo mshauri ni nani hata nimweleze mambo ya nyumbani kwangu?" Swali hilo ni la haki kabisa. Fundi wa nyumba tunamwuliza amejenga wapi kabla ya kumkabidhi matofali yetu. Basi mwezi huu tujifunze mambo mawili: mshauri anatoka wapi, na akishaketi na mtu anafanya nini.

Hapa kwetu, kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, watu hawakungoja vyeo vya kizungu ili washauriane. Wameru wana washili wao, Waarusha wana malaigwanani wao. Kila nyumba ina bibi, shangazi au mjomba anayesikilizwa. Sisi Wakristu tuna wasimamizi wa ndoa, viongozi wa jumuiya ndogondogo, katekista na paroko. Hao wote wanafanya kazi kubwa, na hatusemi wastaafu. Lakini ipo shida. Shangazi anayeombwa ushauri kuhusu shamba la marehemu huenda naye ana sehemu yake katika shamba lilelile. Mashamba ya migomba na kahawa mlimani yamegawanywa vizazi na vizazi hata vimebaki vipande vidogo, na mwenye kuumia moyoni kwa sababu ya kipande hicho hana mtu wa ukoo asiye na upande. Anahitaji msikilizaji wa nje, aliyefunzwa, ambaye hatakutana naye kwenye kikao cha mirathi.

Jina lenyewe "mshauri nasaha" (siku hizi wengine husema "mnasihi") liliingia katika nyumba nyingi za nchi yetu kwa njia ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko Uganda, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali ya Mulago, alifiwa na mume wake kwa UKIMWI Januari 1987, na mwaka huohuo yeye na wenzake, wengi wao wakiwa wameguswa na ugonjwa huo majumbani mwao, wakaanzisha TASO. Hapa Tanzania, Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, aliongoza kuanzishwa kwa WAMATA mjini Dar es Salaam mwaka 1989. Tukumbuke hali ya siku zile: dawa za kupunguza makali hazikuwepo. Katika nchi yetu zilianza kutolewa bure hospitalini mwaka 2004. Kwa miaka kumi na mitano, basi, mshauri aliingia katika chumba cha mgonjwa akiwa hana kidonge chochote mkononi. Alikuwa na masikio, muda, na ujasiri wa kuketi kitandani pa mtu ambaye hata ndugu zake waliogopa kumpa kikombe. Tunaamini kwamba washauri wengi wazuri tulio nao leo wana deni kwa watu wale.

Mizizi mingine ya kazi hii iko mbali. Mmarekani Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1987, alilelewa katika familia ya Kikristu yenye masharti makali, akaanza chuo kikuu kwa kusoma kilimo, akaingia chuo cha teolojia kwa nia ya kuwa mchungaji, halafu akahamia elimu ya nafsi. Kwa miaka 12 alifanya kazi mjini Rochester na watoto walioshindikana. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi alivyojitahidi kumwonyesha mama mmoja kwamba kisa cha utundu wa mwanawe ni yeye mama kumkataa mtoto. Mama hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Mwishowe Rogers alisalimu amri, wakaagana. Mama akafika mlangoni, akageuka na kuuliza kama hapo hushauri watu wazima pia. Akarudi kukaa, akaanza kumwaga habari za ndoa yake iliyovunjika moyo, habari ambazo hazikufanana hata kidogo na yale aliyokwisha kuandikiwa katika jalada. Tangu hapo Rogers alishikilia kwamba mwenye maumivu ndiye anayejua yanapouma, na kazi ya mshauri ni kumfuata huko. Alitaka mshauri awe mkweli, asiyevaa sura ya bandia. Ampokee mtu bila kumwekea masharti. Na ajitahidi kuona mambo kama huyo mtu anavyoyaona. Kutoka kwake, pia, wengi wamezoea kusema "mteja" badala ya "mgonjwa". Neno hilo lina harufu ya duka na hatulipendi sana, lakini tunaelewa sababu: mgonjwa hungoja kutibiwa, mteja huamua.

Je, mshauri wetu wa leo amesoma wapi? Wapo wauguzi waliosomea afya ya akili, wapo maofisa ustawi wa jamii, wengine wakiwa wamepita katika Chuo cha Ustawi wa Jamii Dar es Salaam, wapo wenye shahada za saikolojia, na wapo masista, mapadre na walei waliochukua mafunzo maalumu ya ushauri. Usione aibu kuuliza: "Umesomea nini, kwa muda gani, na wewe mwenyewe unasimamiwa na nani?" Swali la mwisho ndilo watu hulisahau. Mshauri anayefanya kazi vizuri ana mwenzake mzoefu anayekutana naye mara kwa mara ili kupima kazi yake, bila kutaja majina ya watu. Asiye na mtu wa namna hiyo hubeba mizigo ya wengine peke yake, na siku moja huichosha au humchosha.

Kisha kuna jambo lisiloandikwa katika cheti, nalo ni majeraha ya mshauri mwenyewe. Wasomaji wa Arusha hawajaisahau tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, likaua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Siku majeneza yalipopangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapakuwa na mtu mjini ambaye hakulia. Na wale waliopaswa kuwafariji wazazi, walimu na watawa, nao walikuwa wakilia. Machozi si kosa. Lakini mtu aliyefiwa na mtoto wake mwaka jana, akikaa na mzazi aliyefiwa jana, anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko wote, au anaweza kuugeuza msiba wa mwenzake kuwa wake. Tofauti ni kama jeraha lake limesafishwa. Mshauri anayekueleza habari zake kwa nusu saa, wewe umekaa kimya unamwonea huruma, bado anahitaji mshauri wake.

Na hapa tuseme juu ya maneno tunayoyatoa misibani. "Jikaze." "Mungu amempenda zaidi." "Una watoto wengine." Tunayasema kwa upendo, lakini mara nyingi tunayasema kwa sababu kimya kinatutisha. Tusome kitabu cha Ayubu, sura ya pili. Wale rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, maana waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hizo siku saba walikuwa washauri bora. Walianza kuharibu walipofungua vinywa kueleza sababu.

Mji wetu umefundishwa mengi kuhusu mambo haya kwa njia ya machungu. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lililipuka Olasiti, katika uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Balozi wa Baba Mtakatifu akiwapo. Watu watatu walikufa na makumi walijeruhiwa. Baada ya tukio la namna hiyo, mtu anaweza kushtuka sana mlango unapogongwa, kuota ndoto zilezile, kukwepa mahali pa mkusanyiko, au kukaa karibu na mlango kila anapoingia kanisani. Huo si upungufu wa imani. Ubongo una kengele ya hatari, na ikilia kwa nguvu mara moja inaweza kuendelea kulia hata hatari ikiwa imepita: moyo unakwenda mbio, mikono inatoka jasho, usingizi unakimbia. Kwa wengi kengele hiyo hutulia yenyewe katika majuma machache wakiwa na ndugu, chakula, sala na kazi zao za kila siku. Ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kuishi, hicho ndicho wataalamu wanachokiita kiwewe, na kina tiba.

Mshauri asiyejua atamlazimisha mtu wa kiwewe asimulie yote siku ya kwanza, "ili yatoke". Shirika la Afya Duniani linaonya kabisa juu ya jambo hilo: kuwakusanya watu mara baada ya maafa na kuwataka wasimulie kila walichokiona hakuwaponyi, na baadhi huumia zaidi. Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kuanzia 1995 hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Mashahidi walipita pale kusimulia mbele ya mawakili mambo ambayo hata kuyasoma ni shida, na kwa ushuhuda wao, katika hukumu ya Akayesu ya mwaka 1998, ubakaji ulihesabiwa kwa mara ya kwanza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Dunia inawashukuru. Lakini kusema mahakamani ni kwa ajili ya haki, na mahakama ilibidi kuwa na kitengo maalumu cha kuwalinda na kuwasaidia mashahidi, kwa kuwa kusimulia peke yake si dawa. Mshauri anamwachia mtu ufunguo wa mlango wake mwenyewe.

Sasa tuingie ndani ya chumba. Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya somo. Kijana wa mlimani amerudi kutoka machimbo ya tanzanaiti ya Mererani. Wanaapolo wanajua hatari zao. Mwaka 1998 na tena 2008 maji ya mvua yalifurika mashimoni yakaua makumi ya wachimbaji. Huyu alinusurika kifusi kilichomfunika mwenzake. Amerudi bila jiwe na bila fedha, halali, na anakunywa. Mama yake amemleta. Mshauri wa kwanza anaanza hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako ameshanieleza yote. Wewe ni kijana mwenye nguvu. Acha pombe leo, tafuta mchumba, rudi kanisani. Wenzako walikufa, wewe mshukuru Mungu."

"Sawa, mama."

Kijana anaondoka na harudi tena. Kila alichoambiwa kina ukweli ndani yake, hata hivyo hakuna aliyemsikiliza. Zaidi ya hayo, lile la kuacha pombe "leo" ni la hatari: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Anahitaji daktari amsaidie kupunguza. Mshauri wa pili anaanza tofauti:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mama amesema machache, lakini napenda nisikie kwako mwenyewe. Na kama leo huna neno, tutakaa tu."

Kimya kinapita. Mshauri hakijazi.

"Silali, mama."

"Hulali."

"Nikifumba macho nasikia kifusi kinaporomoka."

"Kifusi kimekufuata hata huku nyumbani."

"Wenzangu wanasema nimekuwa mwoga."

"Na wewe unasemaje?"

Angalieni alichokifanya. Hakuhubiri. Hakuuliza kwa nini alikwenda Mererani. Alirudisha neno la kijana ili ajue limefika, kisha akamwuliza anavyojiona mwenyewe, kwa kuwa aibu ndiyo iliyokuwa chini ya pombe. Watu wakisoma hivi husema, "Mbona ni rahisi?" Wajaribu kukaa dakika kumi bila kutoa shauri hata moja, watatuambia.

Kabla ya hapo mshauri huyu alikuwa amesema kuhusu siri, na hapa Wakatoliki hatuna budi kutofautisha. Siri ya kitubio haina mlango wa nyuma. Padre hawezi kuivunja kwa sababu yoyote ile. Siri ya mshauri ni nzito lakini ina mipaka, na mshauri mwaminifu huitaja siku ya kwanza: akiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini, atawaita wengine wasaidie. Na mtoto akiwa anaumizwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. (Mtoto mwenyewe, au jirani, anaweza kupiga simu 116 bila malipo.) Kitubio huondoa dhambi. Ushauri haufanyi hivyo, na huzuni kubwa si dhambi ya kuungamwa. Tumewahi kuwaona waamini wanaoungama huzuni ileile kila Jumamosi, na paroko mwenye busara ndiye aliyewaelekeza kwingine.

Mshauri mzuri pia atauliza swali ambalo familia haiwezi kulitamka: "Je, umewahi kufikiri afadhali ufe? Umewaza namna?" Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza utampandia mtu wazo. Si kweli. Mara nyingi anayeulizwa hupumua, maana amekuwa akilibeba peke yake. Akijibu ndiyo, mshauri hamwachi aondoke peke yake. Anamwita ndugu anayeaminika na wanakwenda hospitali. Na tuwaambie wakulima wetu wa nyanya na kahawa: sumu ya kupulizia mimea isikae chini ya kitanda. Ifungiwe mbali, ufunguo ashike mtu mwingine. Nchi ya Sri Lanka ilipoanza kupiga marufuku sumu kali za mashambani, hasa tangu 1995, idadi ya waliojiua ilishuka sana, kwa kuwa mawazo hayo mara nyingi hupita kama wimbi, na aliyekosa sumu saa ile huishi. Kwa waliokwisha kufiwa kwa njia hiyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, yafundisha kwamba mahangaiko makubwa ya nafsi hupunguza wajibu wa aliyetenda, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Wapo wajane katika parokia zetu ambao hawajawahi kuambiwa hivyo.

Baada ya siku za kwanza kazi huwa ya hatua ndogo, nayo hatutaieleza kirefu. Kijana wetu na mshauri wanachagua jambo moja la juma: kulala na kuamka saa ileile, kumsaidia baba kukatia migomba asubuhi, kumtembelea mama wa yule rafiki aliyefukiwa. Wanachunguza pia yale anayojiambia, kama "mimi mwoga", na kuyapima: mwoga angeshuka shimoni miaka yote ile?

Mshauri hatoi dawa. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayeamini anafuatwa, aliyebadilika ghafla, mwenye kifafa, au aliyechanganyikiwa akiwa na homa, aanzie hospitali, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru, au idara ya magonjwa ya akili ya KCMC, Moshi. Malaria kali nayo huchanganya akili, na haingoji mazungumzo. Wengi wanakwepa hospitali kwa kuogopa kwamba safari itaishia Mirembe, hospitali iliyoanza Dodoma mwaka 1927 na ambayo jina lake tumeligeuza kuwa tusi la mitaani. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi hutibiwa wakiwa nyumbani kwao. Ukimkuta mshauri anayekutaka uache dawa za hospitali, anayekuahidi kupona kwa siku tatu, anayekukopa fedha, anayekusimulia habari za mteja mwingine au anayekushika isivyostahili, ondoka hata kama ana msalaba shingoni.

Wengine wanatuandikia kwamba washauri ni wachache na nauli ya kuja mjini ni kubwa. Ni kweli. Huko Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na shida hiyohiyo, na mwaka 2006 alianza kuwafunza bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza sana, sawasawa na tunavyosema hapa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tukiangalia akina mama wa WAWATA katika vigango vyetu tunaona mabenchi tunayo tayari, na bibi wapo. Lakini wale wa Harare walifunzwa, walisimamiwa, na walijua ni nani wa kumpeleka kwa daktari. Bila hayo matatu ni maongezi tu ya jirani.

Swali la mwisho tunaloulizwa ni mtu aende mara ngapi. Kwa kawaida kikao ni kama saa moja, mara moja kwa juma, na wengi huhitaji vikao vichache, sita au nane, wengine zaidi. Muulize mshauri bei mapema, na umwambie ukweli kuhusu uwezo wako, baadhi hupunguza. Ukiona baada ya vikao vitatu au vinne humwamini, mwambie wazi, au tafuta mwingine. Hatakasirika kama anajua kazi yake. Na siku ya kuagana hupangwa na wote wawili, wakiwa wamehesabu pamoja ni usiku ngapi katika juma lililopita kijana amelala hadi asubuhi.